BAO BAADA YA ISHA
Hotuba juu ya adabu za barza na haki za jirani

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote. Amma baad.



Yako mambo makubwa ambayo watu huyauliza msikitini, nayo yana vitabu vyake na wanavyuoni wake. Yako na mambo madogo yasiyoulizwa na mtu, kwa kuwa kila mmoja hudhani anaijua hukumu yake. Na aghalabu ni hayo madogo yanayoujaza usiku wa mwanadamu hata umri wake ukapita. Miongoni mwa hayo ni mchezo wa bao. Tangu Lamu, Mombasa na Unguja hata Ujiji, Rumonge na hapa Buyenzi, penye Waswahili hapakosi ubao, na penye ubao hapakosi marafiki wanaokutana usiku maalumu wa juma, wakacheza, wakanywa chai, wakazungumza.

Juu ya usiku huo watu wamegawanyika. Wako wasemao kwamba bao ni haramu, na kwamba aketiye mbele yake amekwisha potea. Wako wasemao kwamba ni mchezo tu, wala dini haina neno nalo. Wa kwanza wamekaza palipolegezwa, na wa pili wamelegeza palipokazwa. Haki i kati ya wawili hao, nayo yafaa ielezwe kwa utaratibu, maana nyuma ya ubao huo kuna jambo kubwa kuliko ubao wenyewe.

Kwanza na ujulikane mchezo ulivyo, kwani hukumu ya kitu hufuata kukijua. Ubao una safu nne, na kila safu ina mashimo manane, jumla mashimo 32. Wachezaji ni wawili, kila mmoja ana safu mbili za upande wake. Kete ni 64, na huko pwani aghalabu ni mbegu za mkomwe. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni: sita ndani ya nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kando yake. Kete 22 hubaki mkononi, naye huziingiza moja moja. Hatua hiyo huitwa namua. Zikiisha za mkononi, huingia hatua ya mtaji, ambapo kila mmoja huchezea zilizoko ubaoni. Anayeishiwa kete katika safu yake ya mbele amefungwa. Mtoto hafundishwi hayo yote siku moja; huanzishwa na bao la kujifunza, ambalo kila shimo hutiwa kete mbili tangu mwanzo.

Warundi nao hawakungoja mtu wa pwani awafundishe. Wana ikibuguzo chao, mchezo wa wazee tangu kale, nacho ni jamaa moja na igisoro cha Rwanda na omweso wa Uganda. Basi mtu wa Ujiji alipokuja na bao lake katika mji huu, zama ulipokuwa ukiitwa Usumbura, alimkuta mwenyeji anaujua mchezo kama huo kwa jina jingine. Wawili hao walikuwa na jambo la kuzungumza kabla hawajajuana majina.

Ama hukumu yake, yaliyo wazi ni mawili. La kwanza ni kwamba kamari ni haramu, na Sura ya Al-Maida, aya ya 90 na ya 91, imeitaja pamoja na ulevi, ikaeleza na sababu yake: kwamba shetani hutaka kwa hayo kutia uadui na chuki baina ya watu, na kuwazuia wasimkumbuke Mwenyezi Mungu na wasisali. La pili ni kwamba Mtume, sala na salamu zimshukie, alikataza nardi, mchezo unaoendeshwa kwa kutupa dado.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi waliitazama michezo mingine kwa kuipima na hayo mawili. Wakasema kwamba mchezo unaotegemea bahati na kubahatisha hufuata hukumu ya nardi, na mchezo unaotegemea hesabu na fikra hauwi haramu kwa nafsi yake, kama walivyosema juu ya sataranji, ambayo waliiona ni makuruhu. Na Ibn Hajar al-Haitami, aliyeishi Makka katika karne ya 16, aliutaja kwa jina mchezo wa minqala, akaueleza kuwa ni mashimo ambayo vijiwe huhamishwa kutoka humo na kutiwa humo kwa hesabu, akauweka pamoja na michezo ya fikra. Neno minqala lenyewe limetokana na kuhamisha. Mwenye kulijua bao ataona mara moja kwamba ni huo huo. Bao halina dado. Aliyefungwa hawezi kusema alikosa bahati, alikosa hesabu. Karata na ludo zina mlango wake, na si hapa pake.

Basi bao si haramu kwa nafsi yake. Walakini haitoshi kusema hivyo kisha mtu akanyanyuka na kwenda zake, kwa maana liko swali la pili, nalo ni la wakati. Katika mji huu jua huchwa karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, na Isha husaliwa baada ya muda kama saa moja na zaidi kidogo. Wafanya kazi hawana nafasi ya kukutana isipokuwa baada ya hapo. Na imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Wanavyuoni walipoisherehesha hadithi hiyo walitoa katika makatazo hayo mazungumzo yenye kheri: kama kusomesha, kumkirimu mgeni, kuzungumza na ahali, na kupatanisha watu. Kwa hiyo yule anayekwenda kwenye bao baada ya Isha ana swali moja la kuijibu nafsi yake kila juma: iko kheri gani katika kikao hiki hata kitolewe katika makatazo?

Ikiwa jibu ni kwamba hakuna, basi alale, ni bora kwake. Lakini katika mji wa Bujumbura jibu liko, na wazee wanalijua kwa kulipia gharama.

Mtaa wa Buyenzi ulipangwa zama za utawala wa Wabelgiji kuwa makazi ya watu wa mji waliokuwa wakiitwa Waswahili. Jina hilo halikuwa la kabila. Waliokaa humo walikuwa Wamanyema na wengine kutoka Kongo, watu wa Ujiji na Kigoma, Warundi wa koo mbalimbali, Wanyarwanda, na wengineo. Kilichowaunganisha ni lugha moja, na msikiti, na barza. Barzani mtu hakuulizwa baba yake alitoka kilima gani. Aliulizwa kama zamu yake imefika.

Kisha zikaja siku ambazo watu waliulizana hilo la kilima. Rais Melchior Ndadaye aliuawa Oktoba 21, 1993, na nchi ikaingia katika vita na mauaji. Mitaa ya Bujumbura ikagawanyika, huku wa kabila hili, kule wa kabila lile, na jirani akamkimbia jirani. Buyenzi na Bwiza zilikaa zikiwa mitaa ya mchanganyiko wakati mingine ilipokwisha tengana. Mwezi Machi 1995 balaa ikaingia humo pia. Watu waliuawa, na maelfu wakakimbia mji kuelekea nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire. Pamoja na hayo yote, imehifadhiwa habari kwamba katika Buyenzi walikuwako Waislamu wengi waliowafungulia milango wakimbizi wa pande zote mbili, wakakataa kumtoa mtu kwa sababu ya kabila lake.

Yafaa kuuliza: mtu hupata wapi nguvu ya kukataa usiku kama ule? Imani ndiyo asili yake, bila shaka. Walakini imani hiyo hutaka mahali pa kuzoezwa. Ni vigumu mtu kumtoa auawe yule ambaye kwa miaka kumi ameketi naye kila Alhamisi, anaujua utani wake, anajua jina la mwanawe mgonjwa, na anajua kwamba akikaribia kufungwa huanza kukuna kidevu. Kuuawa kwa mtu huanza kwa kutojulikana. Jirani aliyejulikana ana kinga ambayo mgeni hana. Hiyo ndiyo kheri ya barza, na mwenye kuidharau hakuiona siku ilipohitajiwa.

Na mchezo wenyewe una somo juu ya hilo kwa mwenye kuzingatia. Katika sataranji kete za huyu ni nyeupe na za yule ni nyeusi, na kinacholiwa hutupwa nje. Katika bao kete zote 64 ni sawa, hazina rangi ya mtu. Kete ni yako kwa kuwa i upande wako. Ikiliwa huvuka na kupandwa upande wa pili, na huenda kabla ya mchezo kwisha ikarudi. Hakuna kete inayotolewa ubaoni mpaka mchezo uishe. Wenye kuhasimiana katika nchi moja wangefikiri hayo wangeona kwamba wote ni wa ubao mmoja, na kwamba ushindi wa kumfukuza mwenzio nje haumo katika mchezo huu. Marehemu Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa mpatanishi wa Warundi mpaka alipofariki Oktoba 14, 1999, alijulikana sana kwa kupenda bao. Mapatano yalitiwa saini Arusha Agosti 28, 2000, wakati ambapo Nelson Mandela alikuwa amekwisha ishika kazi yake. Na mwaka 2006 amri ya kutotoka usiku iliondolewa.

Haya yamesemwa ili ijulikane kwamba barza ni amana. Na amana huharibika. Milango inayoingiza uharibifu ni mitatu, nayo yafaa kutajwa mmoja mmoja.

Mlango wa kwanza ni chai. Na asicheke mtu. Na uchukuliwe mfano wa marafiki wanne: fundi wa magari wa Buyenzi, muuza vitambaa wa soko la Ruvumera, mchuuzi wa mikeke na ndagala, na mwalimu wa madrasa. Hukutana kila Alhamisi. Hawawekeani fedha hata kidogo, na kila mmoja angekasirika akiitwa mcheza kamari. Ila wana desturi moja: anayefungwa hulipa chai na sambusa za wote. Mwaka wa kwanza ni kicheko. Mwaka wa pili mchuuzi wa samaki, ambaye ziwa limemnyima kwa majuma matatu, anafungwa Alhamisi tatu mfululizo, na analipa, kwa sababu anaona haya kusema hana. Alhamisi ya nne anaombwa udhuru na mwanawe: baba ana homa. Hana homa. Ameketi gizani uani kwake ili asisikike. Hivyo barza iliyokusudiwa kumjulisha mtu hali ya jirani yake ndiyo iliyomfanya amfiche hali yake. Chai ya faranga chache imefanya kazi ile ile iliyotajwa katika aya: imetia kitu baina ya nyoyo.

Na kwa hukumu pia, sharti hilo halisihi. Wakipatana wachezaji wote wawili kwamba atakayefungwa atamlipia mwenzake, hiyo ndiyo kamari yenyewe, iwe chai au iwe ng'ombe. Na hata akijitolea mmoja tu kuweka kitu ili apewe mshindi, wanavyuoni wa Shafi hawakuyasahihisha mapatano ya namna hiyo katika michezo kama hii. Dawa yake ni nyepesi. Chai inunuliwe kabla ya kete ya kwanza, kwa mchango wa kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake, au kwa zamu, au kwa hisani ya mwenye nyumba. Na asiyekuwa nacho anywe bila kuulizwa. Chai ya namna hiyo ni ukarimu, na ukarimu una thawabu. Ile ya kwanza ilikuwa dhambi, na sukari yake ni ile ile.

Mlango wa pili ni saa. Bao ni mchezo wa hesabu, na hesabu huiteka akili. Mtu husema, bao hili moja tu, na huku ni la tano. Wanavyuoni walioruhusu michezo ya fikra waliweka sharti kwamba isimpotezee mtu sala. Wako wanaofikiri sharti hilo limetimizwa kwa kusali Isha kabla ya kuketi. Wanasahau kwamba sala inayoliwa na bao la usiku si Isha, ni Alfajiri. Mwenye kulala saa saba ataamka jua likiwa juu ya milima, na muadhini amekwisha choka kumwita. Kadhalika iko haki ya ahali. Salman al-Farisi alimkumbusha nduguye Abu Dardai kwamba nafsi yake ina haki juu yake na ahali yake ina haki juu yake, naye Abu Dardai alikuwa akikesha katika ibada, si katika mchezo. Na Mtume alipopewa habari alimsadikisha Salman. Ikiwa mwenye kukesha akisali ameambiwa hivyo, ataambiwaje mwenye kukesha akihesabu kete? Usiku mmoja katika juma, na mwisho uwe saa nne, hata kama mchezo haujaisha. Kete huhesabiwa zikafungwa mfukoni, na mtu anakwenda nyumbani. Mke anayejua kwamba mumewe atabisha hodi saa nne na robo halichukii bao.

Mlango wa tatu ni ulimi. Barza bila utani haichangamki, na mwenye kufungwa huvumilia maneno ya watazamaji ambao wenyewe wangeketi wangefungwa upesi zaidi. Utani wa mchezo si kitu. Lakini ulimi uliopata joto hauchagui. Huanza na bao la mwenzio, ukaingia katika biashara yake, ukafika katika mkewe, na mwisho ukafika katika kabila lake. Wengine huapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba kete zilikuwa tano, na zilikuwa nne. Katika mji uliopita yaliyopita, neno moja la dharau juu ya asili ya mtu si utani. Ni kibiriti katika nyumba ya nyasi. Mwenye barza anapaswa kulikata neno hilo lilipotoka, papo hapo, na kwa upole, hata kama msemaji ni mkubwa wake kwa umri. Akinyamaza, watu wa barza yake wamejua kwamba neno hilo hapo linaruhusiwa.

Limebaki la vijana. Kijana wa leo hakai barzani kama alivyokaa babu yake. Ana simu mkononi, na ndani ya simu imo michezo mingi, na imo kamari kamili iliyovikwa nguo ya mpira wa miguu: kubashiri mechi za timu za Ulaya kwa fedha ambayo pengine ni karo ya mdogo wake. Huko hakuna wa kumtazama machoni. Akipoteza, hapotezi mbele ya mtu, wala hakuna jirani wa kumwambia, basi ndugu, yatosha, nenda nyumbani. Wazee wengi humkemea kijana huyo na kumfukuza penye bao kwa kuwa hajui kucheza. Hilo ni kosa la wazee. Na aitwe, aketishwe, atiliwe kete mbili mbili katika kila shimo, afundishwe bao la kujifunza. Atafungwa mara nyingi na watu wazima wasiotaka fedha yake, na katika kufungwa huko atajifunza kungoja, kuhesabu, na kushindwa bila kukasirika. Na katikati ya mchezo atasikia, bila kuhutubiwa, jinsi mtaa ulivyopita mwaka 1993 na mwaka 1995, na nani alimfungulia nani mlango.

Basi muhtasari wa maneno yote haya ni kwamba bao liko katika halali maadamu limesalimika na dau, na sala, na ulimi. Na kwamba mkutano wa usiku hauhalalishwi na mchezo, unahalalishwa na kheri iliyomo. Alama ya kheri hiyo ni moja, na kila barza inaweza kujipima nayo. Siku nafasi ya mmoja wao ikiwa tupu, je, wenzake huendelea kucheza kwa kuwa yuko mwingine wa kuishika nafasi yake, au hunyanyuka mmoja wao akaenda kubisha hodi kujua yamemsibu nini? Barza ya kwanza ni kundi la wachezaji. Ya pili ni kundi la majirani, na hiyo ndiyo ya kulindwa.

Mwenyezi Mungu azilinde nyumba za mji huu, awarehemu waliotangulia kati ya wakazi wake, azipatanishe nyoyo za waliobaki, na awajaalie vijana kuurithi ujirani mwema kama walivyorithi mitaa.

Wabillahi taufiq. Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.